Barabara ya Mongbwalu Iliniumbua mu Tribinali

Miye mwenyewe njo nilishitaki jirani yangu, juu mbuzi zake zinamaliza maharagi yangu. Lakini mardi, siku ya kesi, sikuonekana, juji akaifuta. Nikarudi kumuomba aifungule tena.

"Mardi ulikuwa wapi, muzee?"

"Mongbwalu, Bwana Juji. Mvua ilikata barabara." Nikaweka hata sura ya mutu mwenye alisukuma kamyo mu matope.

Uongo mutupu! Mardi nilikuwa palepale tribinali, chumba ya pembeni. Nilifika mapema, nikasikia bwana mumoja na bibi yake wanagombana mbele ya juji mwengine. Utamu ya maneno yao ikanishika, nikasahau mbuzi. Nikasimama hata kumupigia yule bwana kelele: "Omba bibi yako musamaha, papa, mwende kula!"

Sasa juji alikuwa ameanza kunihurumia. Mara mulango ikafunguka. Bwana na bibi wale wakaingia, wanacheka, wamebeba jogoo.

"Muzee, tumekuona sasa hivi kwa dirisha! Bila shauri yako ya mardi, hapahapa tribinali, tungeachana. Kamata jogoo yako!"

Juji akaangalia jogoo, akaniangalia.

"Kumbe Mongbwalu imehamia hapa?"