Mstari Mmoja kwa Jengo Zima

Walimwita Dada Flashi kwa sababu flashi, kidude cha kubebea kazi za kompyuta, haikumtoka shingoni. Alikuwa fundi wa kompyuta katika ofisi ya ardhi, mwanamke mdadisi kupita kiasi. Kwa miaka mingi alipanda na kushuka ngazi akiweka programu mpya meza baada ya meza: bonyeza, subiri, bonyeza tena.

Siku moja akajiuliza: hivi mkono wangu unafanya nini ambacho mashine haiwezi kujifanyia? Kuuliza si ujinga. Akaandika skripti, mlolongo wa amri wa kuingia katika kila kompyuta, kuondoa programu ya zamani, kuweka mpya na kuzifanya mashine zote zifanane. Akaiwasha, akajimiminia chai, na kabla chai haijapoa kazi ya wiki nzima ilikuwa imekwisha. Alicheka peke yake kama mwehu.

Furaha haikudumu. Masjala ilikauka, barua hazikutoka. Karani wa masjala, mzee mpole aliyeitwa Baba Mkubwa na ofisi nzima, alidai kompyuta yake inaumwa. Mkuu wa ofisi akaanza kunung'unika kwamba huenda mzee amechoka, apumzishwe.

Dada Flashi akashuka kuitazama. Mashine ilikuwa nzima kama kigongo! Sasa ugonjwa uko wapi? Akamwomba mzee asome mstari wa kwanza. Baba Mkubwa akasogeza uso mpaka pua ikakaribia kugusa kioo.

"Mwanangu, zamani ukija ulikuwa unanikuzia maandishi," akanong'ona.

"Si uliniambia unayapenda tu yakiwa makubwa?"

"Nilikudanganya. Macho yameniacha. Mkuu akijua, basi tena, mimi nimekwisha."

Moyo ulimwuma Dada Flashi. Kumbe mkono wake ulifanya jambo ambalo hakuwahi kulihesabu kuwa kazi, na skripti ilikuwa imelifuta. Kumkuzia mzee peke yake ilikuwa rahisi, lakini kila asubuhi skripti ilimpelekea mkuu taarifa ya mashine yoyote isiyofanana na nyingine. Hiyo ingemchongea mzee mchana kweupe. Akakuna kichwa, kisha akatabasamu.

Akaongeza mstari mmoja: maandishi makubwa, jengo zima.

Kesho yake, lo, kelele! Wahasibu walilalamika kwamba wamegeuzwa watoto wa chekechea. Masjala nayo ikaanza kutoa barua. Alasiri mkuu akaingia chumbani kwa fundi, akafunga mlango nyuma yake. Dada Flashi akajua leo ni leo.

"Watu wanataka uyarudishe yawe madogo," mkuu akasema.

"Nimewasikia, bosi."

Mkuu akavua miwani, akaipangusa kwa pindo la shati, macho yake yakiwa sakafuni.

"Usiyarudishe. Leo nimezisoma mwenyewe barua za masjala kwenye kompyuta yangu, bila kumwita katibu anisomee."