Karatasi ya Danieli Ukutani

Hulda Mtewele hakuwahi kuelewa ile karatasi ilipandaje ukutani, na huo ndio ulikuwa mwanzo wa taabu yake yote ya kuishusha.

Wakati inapanda yeye alikuwa kwao Kifanya, amekwenda kujifungua mtoto wake wa kwanza mikononi mwa mama yake. Alimwacha mumewe Danieli katika nyumba yao ya Mahongole, nyumba ya fito za mianzi na udongo, aliyoisiriba Hulda kwa mikono yake mwenyewe. Aliporudi, Ema mgongoni, alisukuma mlango akadhani amekosea nyumba. Ukuta ulioelekea mlango ulikuwa umevaa maua. Maua mekundu yenye majani marefu, na katikati ya maua ndege wa buluu wenye mikia ya kuburura, ndege ambao tangu Makambako hadi Njombe hakuna aliyepata kuwaona.

Danieli alikuwa mtumishi wa ndani kwa Mwingereza mmoja mwenye shamba upande wa Makambako. Mke wa yule bwana alikuwa amebandika karatasi za namna hiyo chumbani kwake, na mabaki akampa Danieli badala ya kuyachoma.

"Umeibandika kwa kitu gani?" Hulda alimwuliza.

"Kwa subira," alisema Danieli, akacheka, akamfungua mtoto mgongoni.

Ndivyo alivyokuwa. Alikupa jibu, ukaondoka nalo umeridhika, ukafika kisimani ndipo ukagundua kuwa hukupewa kitu.

Watu walikuja kuutazama ukuta. Jumapili baada ya ibada walisimama mlangoni, kofia mkononi, kama waliokuja kumwona mgonjwa. Kila kiangazi, Hulda alipochimba udongo na kusiriba nyumba upya kama wanawake wote, alizunguka nje, akaingia ndani, akafanya kuta tatu, na mbele ya ule wa nne akasimama na udongo viganjani bila kazi. Hakujua kama anaona fahari au ananyimwa. Ukuta ulikuwa nyumbani mwake, lakini haukuwa wake. Miaka ikapita, vita vya Hitla vikaja na kwisha, moshi wa jikoni ukawapaka wale ndege rangi ya chai. Hawakuruka.

Danieli alifariki kwa homa ya mapafu wakati wa masika.

Katika ukoo wake msiba haukuisha kwa maneno. Uliisha siku wanawake wa ukoo walipokuja kuufunika kwa udongo mbichi kila ukuta ambao mkono wa marehemu uliugusa, nje na ndani. Kabla ya hapo ngoma haikupigwa katika nyumba hiyo, wala bibi arusi hakutoka mlangoni mwake. Na Ema alikuwa na mchumba. Kefa, kijana mpole wa shule ya misheni, alikuwa amepangiwa kufundisha Manda, kule chini kwenye ziwa Nyasa, na alitakiwa kuondoka kabla mvua hazijaifunga njia ya milimani. Akienda na Ema, wataondoka wameoana. Akienda peke yake, Manda ni mbali, na hata ziwa lina wasichana wake.

Wifi yake Hulda, Yunisi, dada mkubwa wa Danieli, ndiye aliyekuwa na neno la mwisho. Alileta habari amesimama uani, fimbo mkononi.

"Tutakuja Jumamosi. Nikute ukuta uchi. Udongo haushiki kwenye maua."

"Wifi, na kama yatakataa kutoka?"

"Maua yakatae? Kwani ni Bwana Shauri wa boma?"

Hulda alijaribu kwanza njia ya ujanja. Hakuuvua ukuta, aliusiriba juu ya karatasi, udongo laini uliochekechwa, akaupapasa mpaka ukang'aa. Alilala amefurahi. Asubuhi alikuta udongo wote chini, umeanguka vipande vipande kama vigae, na ndege wanamtazama. Tena walikuwa wasafi kidogo kuliko jana.

Akachukua kisu. Kisu kilitoa vipande vidogo kama kucha ya mtoto, na chini ya kila kucha kulikuwa na karatasi nyingine, nyeupe, imeng'ang'ania udongo kama kupe. Alikwangua tangu kiamsha kinywa hadi jua la utosini akapata nafasi ya kutosha sahani moja. Ema aliingia na maji ya kunywa, akaitazama ile sahani.

"Mama, kwa mwendo huu Kefa atarudi kutoka Manda amestaafu."

"Nyamaza wewe. Baba yako alitumia kitu gani hapa?"

"Mimi nilikuwa mgongoni."

Ndipo Hulda alipoanza kuuliza. Alimwuliza jirani yao Anania, mzee wa kanisa, aliyekuwa akichonga mpini wa jembe.

"Uji wa ngano," alisema Anania bila kuinua macho. "Alikuja kuniomba unga. Nakumbuka kwa sababu hakunirudishia chekecheo."

Alimwuliza Yunisi.

"Utomvu wa miwati. Aliuchemshia kwangu, akaniharibia chungu. Chungu cha mama yetu!"

Akamwuliza Linus, Mkatoliki aliyekuwa mpishi katika nyumba ile ile ya Mwingereza, na sasa alikuwa akiuza maandazi karibu na njia panda ya Makambako.

"Ute wa mayai," alisema Linus. "Nani alimpa? Mimi. Bibi alilalamika wiki nzima kwamba kuku hawatagi, na mimi nikawasingizia kuku."

Hulda alirudi nyumbani akitembea polepole. Uji, utomvu, mayai. Kila mmoja alikuwa na Danieli wake, aliyemjia mlangoni akimwomba kitu, na kila mmoja alisema ukweli, ilionekana usoni. Yeye peke yake, aliyempikia na kumfulia na kumzika, alipewa subira. Alihisi kama marehemu alikuwa na wake watatu, na yeye si mmoja wao. Alitaka kumkasirikia. Akamkumbuka alivyocheka akimfungua mtoto, hasira ikakosa pa kukaa.

Ijumaa Linus alikuja mwenyewe, amevaa koti lake kuukuu la jikoni lenye vifungo vya shaba.

"Kamwene, mama Ema. Nimekumbuka. Wazungu hawakwangui. Wanachemsha maji, wanamwagia, wanangoja, kisha wanavuta. Inatoka kama ngozi ya ndizi. Nimeona kwa macho yangu."

"Maji ya moto?"

"Ya moto sana. Mengi. Usiogope maji."

Hulda hakuogopa maji. Alikuwa na moto, alikuwa na debe, na kesho ilikuwa Jumamosi. Walichemsha, wakamwaga kwa kata toka juu hadi chini, mvuke ukajaa chumba, na kwa mara ya kwanza tangu masika nyumba ile ilipata joto. Karatasi ikatuna. Maua yakanyanyuka kama yanayovuta pumzi.

"Unaona!" alisema Linus. "Ongeza."

Wakaongeza. Kukawa na sauti, si kubwa. Sauti ya ng'ombe anayelala. Hulda alishika pembe ya karatasi avute, na karatasi haikuja. Ila nje, uani, Ema alipiga yowe.

Walitoka mbio. Udongo wote wa ukuta ule, kuanzia paa hadi msingi, ulikuwa umelainika na kumwagikia nje, rundo jekundu linalofuka mvuke. Fito za mianzi zilibaki zimesimama na nafasi zake, mtu angeweza kupitisha mkono. Na nyuma ya fito, imeshikwa na fito hizo hizo, imetanda bila tundu isipokuwa ile sahani moja, ilikuwa karatasi ya Danieli. Ilikuwa imebaki yenyewe. Jua la alasiri lilipita ndani yake, na ndege wakaonekana kutokea upande wa pili, wametazama kushoto badala ya kulia.

Linus alivua kofia.

"Kule kwa Mwingereza," alisema taratibu, "ukuta ulikuwa wa matofali ya kuchoma."

"Hukusema."

"Hukuuliza, mama."

Hulda aliketi juu ya debe. Ukuta aliotaka kuubakiza umekwenda, na kitu alichotaka kukiondoa kimebaki. Hakujua amlilie nani kwanza, Danieli, ukuta, au Ema aliyekuwa amesimama na mikono kichwani, akiiona Manda ikielea mbali ng'ambo ya milima. Kwa muda alifikiri kuingia na panga kuikata ile karatasi kama pazia. Alisimama, akalichukua panga, akafika mbele ya karatasi, akalitia panga chini. Alisema atakata baada ya kunywa uji. Alikunywa uji, hakukata.

Jumamosi ukungu ulikuwa haujanyanyuka wanawake walipofika, vikapu vya udongo mweupe vichwani, wakiimba. Wimbo ulikatika uani. Mmoja alianza kucheka, akajiziba mdomo kwa khanga, na kicheko kikatokea puani. Yunisi alilizunguka rundo. Aliingiza fimbo kati ya fito, akaigusa karatasi. Ikalia kama ngoma ndogo.

"Hulda."

"Abee, wifi."

"Nilisema nikute ukuta uchi."

"Ndiyo, wifi."

"Sasa huu umevua ngozi au umevua nyama?"

Hapo wanawake wakashindwa. Walicheka mpaka vikapu vikashushwa. Hulda naye alijikuta anacheka, kisha analia, kisha hakujua anafanya kipi, na Ema akaja akamshika bega.

Yunisi hakucheka. Aliingia ndani, akasimama mbele ya ukuta ambao haukuwa ukuta. Ema alikuwa amekaza meno. Manda yote ilikuwa katika kinywa cha shangazi yake.

"Mkono wa Danieli uligusa udongo," alisema Yunisi mwishowe, kama anayejibishana na mtu. "Udongo umeanguka. Tutakandika mwingine, na huo, mkono wake haujaugusa. Kwa upande wa ukuta, kazi imekwisha."

"Lakini karatasi, wifi. Aliigusa yote."

"Karatasi si ukuta. Ukuta husimama wenyewe, hii inashikwa. Hii ni nguo." Aliinusa kidogo. "Na nguo ya marehemu katika ukoo wetu haifunikwi udongo. Inarithiwa."

Wanawake wakatazamana. Hakuna aliyewahi kusikia nguo ya ukutani, lakini vilevile hakuna aliyeweza kusema ni kosa. Makoti ya Danieli yaligawiwa siku ya matanga, suruali pia, hata soksi.

"Inarithiwa na nani?" aliuliza Hulda.

"Na dada yake. Na mimi sitembei na ukuta. Ikae hapa. Usiichune tena, Hulda, utanichania." Akageuka mlangoni. "Ninyi mnangoja nini? Udongo unakauka!"

Walikandika kutokea nje, mabonge ya udongo yakisukumwa kati ya fito mpaka yakakutana na mgongo wa karatasi, na karatasi ikawazuilia udongo usimwagikie ndani, kama mtu anayeegemea mlango. Ema alikandika kuliko wote, mpaka viwiko. Jioni nyumba ilisimama nyeupe pande zote, na Yunisi akanawa mikono mbele ya watu, na hiyo ndiyo ishara ya kumaliza msiba.

Hulda alimfuata kisimani.

"Wifi, basi msiba umekwisha?"

"Wa nyumba umekwisha. Mwambie Kefa alete watu wake."

"Na wangu mimi?"

Yunisi alikung'uta maji vidoleni. "Huo ni wako peke yako, tangu lini unaniuliza mimi?" alisema, akachukua fimbo yake.

Ema aliolewa kabla ya mvua. Aliondoka juu ya lori la mizigo, amekaa na Kefa juu ya magunia, akipunga leso mpaka vumbi likamfunika. Hulda alirudi ndani akafunga mlango. Udongo wa nyuma ulikuwa unakauka na kujivuta, na karatasi ilikuwa imefanya mkunjo mrefu katikati ya ndege wawili. Aliweka kiganja aunyooshe. Akaukumbuka urithi, akauondoa mkono, kwa kuwa hakujua kama ni halali kunyoosha nguo ya wifi bila ruhusa. Kisha akauweka tena, akauacha pale, baridi ya udongo mpya ikimpanda taratibu mpaka kwenye kiwiko.