Siku Niliyokwama Katikati ya Baba Yetu

Nakumbuka siku moja ya masika, mwanangu, nikiwa nesi kijana kwenye zahanati ya Mbwera, kule deltani. Kwetu ni Songea, na pale kijijini Mkristo nilikuwa peke yangu. Watu walinipenda, siwezi kuwadhulumu. Lakini jioni kila mtu akiingia kwake, mimi nilibaki na redio, na redio ikiishiwa betri nilibaki na mbu.

Siku hiyo bwana aliyetuletea dawa kwa boti kutoka Nyamisati alishuka, akavua kofia.

"Nesi, nimepewa maneno nikufikishie. Mama yako amefariki. Wameshazika."

Wameshazika. Nilipokea maboksi ya dawa, nikayapanga kabatini moja moja, kama mtu ambaye hajasikia.

Majirani walikuja kunikalia matanga, ingawa mama hawakumjua. Walipopika na kula na kuaga, alibaki Bi Mwanahawa, mama mtu mzima ambaye nyumba yake ilipakana na yangu. Alikuwa akikunja mkeka.

"Mwanangu, tangu uje sijakuona ukisali."

"Huku hakuna kanisa, Bibi."

"Sikukuuliza kanisa. Mimi nitamwombea mama yako kwa sala yangu. Ya kwako wewe mwanawe, ataisema nani?"

Akaenda zake.

Nikafunga mlango mchana kweupe, nikapiga magoti sakafuni. Nilibatizwa ningali mchanga, na sala nilizijua kama nyimbo za shule. Nikaanza Baba Yetu. Nilipofika kwenye mapenzi yako yatimizwe, sauti ikagoma. Mapenzi gani hayo? Nikaiacha sala, nikasema ya kwangu, kwa hasira, hadi kamasi zikanitoka: "Mama yangu umemchukua, nami umeniacha huku kwenye mikoko. Kama upo, mbona huji?"

Sikusikia sauti, mwanangu. Sikuona nuru. Wenye ushuhuda wa namna hiyo sibishani nao. Nakwambia yaliyonipata mimi. Nilijua tu kwamba chumbani sikuwa peke yangu tena. Alikuwapo aliyekuja kukaa nami, asiyeniharakisha ninyamaze. Yule Yesu niliyemzoea kwenye picha ukutani kwa mama alikuwa pale, na msiba wangu ulikuwa wake pia. Ndipo nikalia, kwa mara ya kwanza tangu boti ije.

Nilikuwa nimeshakusudia kuomba uhamisho. Sikuomba. Jumapili zilizofuata nilisali peke yangu, nikaimba peke yangu, na kiitikio nikajiitikia mwenyewe. Upweke haukuondoka. Hata leo hapa Kibiti, mume wangu ametangulia na watoto wangu wako mbali, bado ninaishi na upweke huo. Ila siuogopi.

Basi, mwanangu, ukipangiwa kazi mahali usikojulikana, usingoje kanisa wala kwaya ndipo umtafute Mungu. Usingoje hata maneno mazuri. Mwambie panapouma; ukikwama, kwama mbele zake, kisha tulia. Na jirani akikukumbusha sala, hata kama dini zenu ni mbili, msikilize.

Bwana Yesu aingie nawe katika kila nyumba utakayoifungua ukiwa huna wa kukupokea, akae nawe humo mpaka pazoeleke, na machozi yako asiyaache yaanguke bila mtu. Amina.