Moshi Nyuma ya Mwanasayansi

Pafu langu la kushoto limekufa. Aliyeliua ni shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, na sioni sababu ya kumsitiri. Nilipoanza kukohoa damu kule kijijini Lipingo, kando ya ziwa, hospitali ya Mbinga walinipa kikopo chenye mfuniko niwaletee makohozi ya asubuhi. Shemeji akaninyang'anya. "Mate yako ukiwaachia watu usiowajua, umewaachia roho," akasema. Akatema ya kwake. Yeye kifua chake kizima, kwa hiyo majibu yakaja kwamba mimi mzima. Miezi ikapita mganga wake akinichanja chale, nami naisha.

Aliyeniokoa alikuwa bwana wa maabara hapo hospitalini Mbinga, mtafiti wa kifua kikuu. Alinitazama, akatazama yale majibu, akasema, "Mama, haya hayakutoka kwenye kifua hiki." Akanitoa nje penye upepo, nikakohoa mbele yake.

Sasa amestaafu, na wamemtundika ukutani hapo hospitalini. Amechorwa kwa rangi za mafuta, mpaka kola iliyofumuka mshono unaiona. Ukisogea karibu ni mabaka matupu. Ukirudi nyuma, mtu huyo anakutazama, kikopo mkononi, na dirisha nyuma yake. Chini pameandikwa Mwanasayansi. Mimi niliishia darasa la tatu, neno hilo nalisoma kwa vipande.

Mwaka huu nilikaa chini ya picha hiyo na binti wa shemeji huyo huyo. Anakohoa tangu msimu wa usipa, wale dagaa wa ziwani, na nyumbani ameacha mtoto anayenyonya. Nilimpandisha basi la Kosta alfajiri, baba yake akiwa ziwani. Kikopo alipewa, akakificha ndani ya kanga kikiwa kitupu.

Kwenye benchi, mama mmoja wa Mpepai aliinua macho ukutani. "Huyu alikuwa na maringo. Tazama huo mdomo."

"Maringo yako wapi?" akajibu mzee mmoja. "Njaa hiyo. Huoni moshi dirishani? Jikoni wanapika, yeye bado kazini."

Watu wakacheka. Binti naye akacheka mpaka kikohozi kikamkunja. Simu yake ikaita, akasikiliza, akakata.

"Baba anasema nirudi. Nisiache kitu changu hapa."

"Na wewe unasemaje?"

"Naogopa, mama mkubwa."

Nilitaka kumtukana baba yake. Maneno yamejaa tele, nimeyatunza miaka. Lakini nikamwonyesha dirisha la kwenye picha.

"Ule si moshi wa jikoni. Nyuma ya jengo kuna tanuri la kuchomea taka. Siku ile nami nilikataa kukohoa, nikamwambia bwana huyu kwamba naogopa mate yangu yatachukuliwa. Hakunicheka. Alinipeleka nikaona vikopo vinaungua vyote, na mifuniko yake. Ndipo nikakohoa."

Binti akaitazama picha upya. Nami nikaitazama. Mchoraji angeweza kumpa kitabu kikubwa, au koti jeupe lililopigwa pasi. Kampa moshi. Naamini bwana mwenyewe ndiye aliyeuomba, maana alijua tunachoogopa sisi. Na ule mdomo wanaouita wa maringo, mimi nauona ni mdomo wa mtu aliyekuwa na neno la kutuita wajinga, akalimeza.

"Nataka kuona," binti akasema.

Tukazunguka nyuma. Mhudumu wa tanuri akatukimbilia na koleo. "Nyie akina mama, huku hakuruhusiwi!"

"Shikamoo, baba," binti akamwamkia. "Nauliza tu. Vikopo vinaungua kweli?"

"Marahaba. Sasa visipoungua tuvifanyie nini, tupikie chai?"

Akatuonyesha kwa mbali. Ndani ya tanuri kulikuwa na majivu na plastiki iliyoyeyuka ikashikana. Binti alisimama akiangalia mpaka mhudumu akachoka kutusubiri. Kisha akafunua kanga, akatoa kikopo, akanipa simu ili mikono yote miwili iwe huru. Akaenda pale penye upepo, akavuta pumzi.

Simu ikaita mkononi mwangu. Nilijua ni nani kabla ya kutazama.

"Shemeji," nikamwambia, "mwanao hana nafasi. Anakohoa, na safari hii makohozi ni ya kwake mwenyewe."