Mngurumo Nilioufuata Tororo

Nilikwenda Tororo kwa sababu ya wivu. Nalisema hilo mapema ili msomaji asije akadhani nilikwenda kuutazama ule mwamba wao. Wivu wenyewe ulikuwa juu ya ndugu yangu wa tumbo moja, Wandera, na ulikuwa umekaa kwenye bomba la moshi la gari lake.

Mimi naitwa Egesa. Nauza sahani na sufuria mjini Busia, upande wa Kenya, na kila Jumamosi navuka mpaka kwenda Masafu, upande wa Uganda, kumwona mama. Macho yake yameingia ukungu. Anatofautisha mchana na usiku, na mtu akimsogelea sana anaona kivuli tu. Anaishi na binamu yetu Nabwire. Nampelekea sukari, sabuni na dawa ya miguu. Nikifika nakuta chai mezani, nakunywa, tunaongea, naondoka. Hakuna shangwe.

Wandera anaishi Tororo na huja anapojisikia. Lakini siku akija! Gari lake likifika kwenye mashine ya kusaga, mbali kabisa na nyumbani, unasikia mngurumo mzito kama tumbo la ng'ombe aliyeshiba. Mama huinuka kitini akapiga makofi. "Huyo Wandera! Huyo mwanangu!" Nimelishuhudia hilo mara nyingi nikiwa nimeketi papo hapo na kikombe mkononi, mimi niliyeleta sukari. Sijawahi hata siku moja kumsikia akisema "Huyo Egesa." Jambo hilo lilinikaa rohoni mpaka chakula kikanichacha mdomoni. Nikaamua na mimi nitafute mngurumo, tena uwe mzito kuliko wake.

Jumamosi asubuhi nilikuwa mpakani. Gari langu ni dogo, jeupe, la watu wa kawaida. Sauti yake ilikuwa ya cherehani, ila ndani ya sailensa, ile kopo ya bomba la moshi inayopunguza kelele, kulikuwa na kipande cha chuma kilicholegea, na kila nikipita kwenye shimo kiligonga: ka-ka-ka. Nilikuwa nimeizoea kelele hiyo kiasi kwamba sikuisikia tena. Afisa aliyekagua karatasi zangu ananijua.

"Kwa mama?" aliuliza.

"Leo naanzia Tororo."

"Tororo kuna nini?"

"Kazi kidogo," nikajibu. Mtu mzima hawezi kumwambia afisa kwamba anakwenda kununua sauti.

Kutoka Busia hadi barabara kuu ya malori nilikuwa peke yangu na mawazo yangu. Nilipoingia barabara kuu, pikapu moja kuukuu ilinipita ikinguruma vizuri ajabu, nyuma imejaa mbuzi. Nikawaonea wivu hata wale mbuzi. Kisha mwamba wa Tororo ukachomoza mbele, na nilipoingia mjini nilipita mitaa ya nyuma, nimeshusha kofia hadi kwenye nyusi, nisikutane na Wandera. Angeniuliza nimefuata nini, na uongo wa haraka siuwezi.

Gereji niliyoitafuta ilikuwa na ua wa mabati. Fundi wake anaitwa Owor, Mjopadhola, kabila la wenyeji wa huko, mwenye kitambi na maneno mengi, ambaye miwani ya kuchomelea haimtoki usoni hata akila. Aliniangalia mara moja tu.

"Wewe na Wandera, mama yenu ni moja," alisema. "Hiyo pua najua."

Kumbe ndiye aliyetengeneza gari la ndugu yangu. Nilimwomba asimwambie, akacheka. Nikamwambia nataka kama lake. Kisha moyo ukanisukuma. "Hapana. Nataka lishinde lake."

"Ya Wandera, mimi natoa sailensa ya nyuma, naweka ile ya mviringo na bomba pana. Yako naweza weka bomba pana kushinda hiyo. Lakini sikiza: injini yako ni kadogo. Itaongea kama baba, itakimbia kama mtoto."

"Iongee tu," nikasema. "Kukimbia si haja yangu."

Mbele yangu alikuwapo mzee mmoja wa Molo, ile ya huko huko Tororo, mnunuzi wa mihogo, na gari lake lilikuwa tayari limeinuliwa kwa jeki. Nilimwuliza yeye sauti ni ya nini.

"Watu kwa shamba wakisikia mimi nakuja, wanatoa magunia kwa barabara kabla nifike," alisema. "Mimi sipigi honi. Honi ni ya mtu mwenye hawamjui."

Jibu hilo lilinichoma. Hata muuza mihogo alikuwa na watu wanaomjua kwa mbali.

Zamu yangu ilipofika, Owor aliingia chini ya gari, grenda ya kukatia chuma ikalia, cheche zikaruka, na sailensa yangu ya zamani ikaanguka chini ikiwa na kutu tupu. Alichomelea bomba jipya, akagonga, akasikiliza, akachomelea tena. Halafu akanyoosha mkono.

"Funguo."

"Za nini?"

Ilikuwa sheria ya gereji yake. Hakuna mteja anayeondoka kabla hajasimama barabarani akasikia gari lake likija. "Gari haiimbi kwa dereva," alisema. "Dereva nakaa ndani, yeye nasikia viti tu. Inaimba kwa watu wa nje. Simama pale."

Nilisimama kando ya barabara, mwamba ukiwa nyuma yangu. Owor alizunguka mtaa. Kwanza sikusikia kitu. Kisha ukaja, taratibu, mzito, unatetemesha mabati ya ule ua. Mwanamke aliyekuwa akichagua nyanya aligeuza shingo. Gari likatokea, na ndani yake Owor, kiwiko dirishani, miwani usoni, anaonekana mtu wa maana kuliko mimi nilivyowahi kuonekana maishani. Nilimwonea wivu fundi ndani ya gari langu mwenyewe.

Kabla sijaondoka alileta ile sailensa ya zamani. "Hii ni yako. Mimi sibaki na kitu ya mtu." Nikaifunga kwenye gunia ili isichafue buti ya gari.

Alasiri nilielekea Masafu. Nilikuwa nimechelewa kuliko Jumamosi zote, lakini sikujali. Kwenye mashine ya kusaga nilikanyaga mafuta kwa makusudi. Watu waliokuwa kwenye foleni ya unga waligeuka wote. Nikaingia nyumbani nikinguruma na masikio yangu yamesimama, nikisubiri makofi.

Mama alikuwa amesimama mwisho wa uwanja, fimbo mkononi. Hakupiga makofi. Nilipokaribia alinishika mkono kwa nguvu na kuniambia kwa Kisamia, lugha yetu ya nyumbani, nami nayaweka maneno yake hapa kwa Kiswahili:

"Wandera, mwanangu, afadhali umekuja. Usizime gari. Rudi barabarani ukamtafute ndugu yako."

Nikageuka kulitazama gari.

"Egesa hajafika," aliendelea. "Gari lake halijapita mashine. Yeye hachelewi hivi. Kuna kitu kimempata."

"Mama, ni mimi. Ni Egesa."

 Akapandisha mkono wake begani kwangu, hadi shingoni, hadi usoni. "Na gari lako liko wapi?" akauliza.

Nabwire alitoka jikoni, na ni yeye aliyenifungulia mambo. "Gari yako ikifika kwa mashine, mama nasikia ile ka-ka-ka. Nasema, huyo Egesa, weka chai. Kila Jumamosi. Leo yeye nangoja tangu asubuhi, chakula nakataa. Nasema umepata ajali."

Nilitazama meza. Haikuwa na kikombe. Miaka yote ile nimekunywa chai ya moto nikidhani chai ya nyumbani kwetu hukaa moto yenyewe.

"Mbona kwa Wandera mnapiga makofi?" Swali lilinitoka kama la mtoto.

"Wandera akija sisi wote natoka kushangaa," Nabwire alisema. "Hakuna mtu ya kuweka maji. Yeye nanung'unika: mbona Egesa nakuta chai tayari, mimi nangoja?"

Nakiri kwamba habari ya manung'uniko ya Wandera ilinifurahisha kuliko inavyofaa kwa ndugu. Lakini mama alikuwa bado ameshika shati langu, na furaha haikukaa.

Jioni mpakani, afisa yule yule alitoka kibandani. "Asubuhi umepita kama mtu anayeenda kanisani," alisema. "Sasa unarudi kama unayemfukuza mtu." Wenzake walicheka. Mimi nilisaini karatasi nikaingia Kenya na kelele zangu.

Jumamosi iliyofuata nilirudi Tororo, nikamwekea Owor gunia miguuni. Aliichungulia sailensa, akanichungulia mimi.

"Hii imeoza."

"Irudishe."

"Hata kile chuma kinagonga ndani?"

"Hicho ndicho hasa. Usikiguse. Na lile jaribio lako la kusikiliza, leo tukalifanyie Masafu."

Alikubali, kwa udadisi nadhani. Karibu na mashine ya kusaga nilishuka, nikampa usukani, nikamwambia asubiri mpaka pikipiki inifikishe nyumbani, ndipo aje. Pikipiki iliniacha nyuma ya migomba. Niliingia kwa miguu, nikamwashiria Nabwire kwa kidole mdomoni asiseme kitu, nikaketi kizingitini, hatua chache kutoka kiti cha mama.

Mama alikuwa amekaa, uso ameuelekeza barabarani. Muda ukapita. Kisha, kwa mbali, shimo la kwanza: ka-ka-ka.

Hakupiga makofi wala hakuinuka. Mabega yake yalishuka tu, kama ya mtu aliyetuliwa mzigo, akatabasamu peke yake, tabasamu ambalo sikuwahi kuliona kwa sababu kila lilipotoka nilikuwa bado barabarani.

"Huyo Egesa," alisema polepole. "Nabwire, chai."

Nimesafiri hadi Tororo mara mbili nikitafuta jina langu lisemwe, na wakati wote lilikuwa likisemwa kila Jumamosi nyuma ya mgongo wangu. Mngurumo wa Wandera uliwatoa watu nje. Ka-ka-ka yangu ilimtuliza mama ndani.

Nilitaka kujitambulisha, lakini sikuwahi. Gari likaingia uwanjani likigonga. Owor alishuka, miwani usoni. Mama akanyoosha mikono yote miwili upande wa hatua zake.

"Karibu, mwanangu," alimwambia. "Njoo ukae, chai ni ya moto."

Na Owor, bila haya hata kidogo, alimshika mikono, akaketi kwenye kiti changu, akavuta kikombe. Wivu nilioupata hapo kizingitini haujawahi kunipata tena.