Mtu Aliyetubu Mbele Yetu

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa viatu vipya, na kabla ya saa nne vilikuwa vimenitoa malengelenge. Ofisi ya probesheni ilikuwa nyuma ya mahakama, chumba kimoja chenye feni isiyozunguka. Afisa Mkuu wetu, mtu wa bara mwenye sauti ya upole na moyo mgumu, alinitazama miguu akasema, "Rukia, kazi hii ni ya kutembea. Kesho njoo na champali." Hayo ndiyo yaliyokuwa mafunzo yangu ya kwanza.

Kazi yenyewe, kwa nyinyi vijana msioijua, ni hii. Mtu akishapatikana na hatia, hakimu hana haraka ya kutoa adhabu. Kwanza humtuma afisa wa probesheni mtaani kwa mtu yule, aulize nyumba kwa nyumba: anaishi vipi, majirani wanamwonaje? Majibu huyaandika kwenye ripoti, na mwisho wake hutoa rai: aende jela, au apewe kifungo cha nje, yaani atumikie adhabu akiwa kwao, chini ya uangalizi wetu, akija ofisini kuripoti kila wiki. Nilianzia hapo Mombasa, nikapelekwa Kwale, kisha Malindi, na niliporudi kwa Afisa Mkuu yule yule nilikuwa nishajiona bingwa.

Ndipo nikakabidhiwa faili la Sefu. Alikuwa ameuza nyumba moja ya Mji wa Kale kwa watu wawili, na nyumba yenyewe si yake. Marehemu babake alikuwa mwalimu wa madrasa aliyesomesha nusu ya mtaa, na mimi pia nilisoma kwake. Niliandika kwamba hakuna haja ya jela. Niliandika kuwa mji wetu ni mdogo, habari zake kila mtu anazo, na mtu aliyekwisha kujulikana hivi hana tena wa kumdanganya.

Afisa Mkuu aliisoma, akavua miwani. "Unasema aibu itamzuia?"

"Bwana Mkuu, sisi hutujui. Kwetu aibu ni jela."

"Jela ina askari mlangoni. Hiyo aibu yenu inalindwa na nani?"

Nilimwona mgeni asiyejua watu, nikamnunia siku mbili. Hakimu alifuata rai yangu.

Na Sefu hakuniangusha. Alizunguka na ami yake mlango kwa mlango akiomba radhi, na hata wale wawili aliowaibia walimpa mkono. Wazee walilia. Mimi nilisimama kibarazani na buibui langu, machozi yakinitoka. Tangu siku ile hakuna aliyeitaja tena ile habari. Ndivyo tulivyolelewa: mtu akitubu mbele yenu, dhambi yake haitajwi, na anayemsitiri mwenziwe naye Mungu humsitiri. Sefu aliripoti kila wiki hadi akamaliza muda wake. Nikalifunga faili lile, na kwa miaka nikawa nawasimulia maafisa wapya habari zake kwa majivuno, bila kumtaja jina.

Afisa Mkuu yule akastaafu, akaja mwingine, naye akaondoka. Nami nilikuwa nimebakiza miezi michache wakati Mwende aliponiuliza.

Mwende alikuwa karani wetu wa kupiga taipu, mjane kutoka Ukambani, amepanga chumba kimoja Ganjoni na wanawe wawili. Faili la Sefu lilifungwa kabla hajaajiriwa, kwa hivyo hakuwa na habari nalo. Haja yake duniani ilikuwa moja, mlango wa kwake mwenyewe.

"Bi Rukia," aliniambia asubuhi moja tukinywa chai, "nimepata nyumba Makadara. Mwenyewe anaitwa Sefu, mtoto wa mwalimu. Wewe ni mtu wa kule. Ni mtu wa vipi?"

Nikawakumbuka wale wazee wakilia, na marehemu mwalimu wangu. Nikasema, "Kwao ni watu wazuri."

Sikusema uongo. Kwao ni watu wazuri kweli. Lakini hakuwa ameniuliza habari za kwao.

Sefu alikuwa amemwonyesha nyumba, akamwambia waliomo ni wapangaji, watahama mwisho wa mwezi, akapokea pesa zake zote. Mwezi ulipokwisha Mwende akaenda na watoto na magodoro yao, akawakuta watu wanakula chakula cha mchana. Hao ndio wenye nyumba, wameirithi kwa babu yao. Sefu walikuwa wakimwona akipita njiani tu.

Siku ya pili Mwende alikuja kazini kama kawaida, akaketi mbele ya mashine yake, akanieleza yote. Hakulia. Alisema, "Niliuliza, Bi Rukia. Nilimuuliza fundi wa kanzu, nikamuuliza muuza kahawa, nikakuuliza wewe."

Jioni ile nilikwenda kwa yule fundi nikiwa na hasira za kutosha kumtupia cherehani yake barabarani. "Alikuuliza, na ulijua. Mbona hukumwambia?"

"Bi Rukia, mtu ametubu mbele yetu. Mimi ndiye nimvue nguo?" Akakata uzi kwa meno. "Kwani wewe hakukuuliza?"

Nikaiacha cherehani yake ilipokuwa. Nikarudi nyumbani.

Sefu alipokamatwa nilimwendea mahabusu. Nilitaka kujua jambo moja: alithubutu vipi katika mji ule ule ambao kila mtu anamjua? Alinishangaa kana kwamba mimi ni mwanafunzi mzito.

"Bi Rukia, ningekwenda kwengine wangenipekua. Hapa nani angenisema?"

Miaka thelathini nimeandika ripoti, na sijapata kupigwa na jambo kama lile. Nilidhani kujulikana kutakuwa pingu yake, kumbe sote mtaani tulikuwa tumemkalia ulinzi. Safari hii alifungwa jela. Pesa za Mwende hazikurudi.

Nimestaafu sasa. Sefu ametoka, na amezunguka tena mlango kwa mlango na radhi zake. Nami nimempa mkono, maana radhi sikatai. Juma lililopita bwana mmoja mgeni, anayefanya kazi bandarini, alisimama na mkewe kibarazani kwa fundi akauliza kama tunamfahamu Sefu, anayetaka kuwauzia nyumba. Muuza kahawa akainama kwenye dele lake la kahawa. Fundi akasema, "Kwao ni watu wazuri."

"Amefungwa kwa kuuza nyumba zisizo zake," nikasema. "Mara mbili amepatikana na hatia, na mara ya kwanza aliyemtetea ni mimi."

Wageni walipoondoka fundi hakuninyanyulia uso. "Bi Rukia, sitara."

Nikamwambia, "Nilisitiri mara moja. Mwende mpaka leo yumo katika chumba kile kile cha Ganjoni."