Sanduku Hakuna, Ubani Hakuna

Asiyetaka kuamini akae hivyohivyo, sitambembeleza. Sikuota, na pombe siijui. Niliona kwa macho yangu haya mawili, jua likiwa bado linawaka, mbele ya mlango wa parokia yetu hapa Manika, Kolwezi.

Mimi ndiye mbeba chetezo. Ndiyo, mwanamke, na waliochukia wameshazoea. Siku hiyo palikuwa na misa ya maziko ya mzee mmoja. Nilikuwa nje napunga chetezo ili makaa yashike moto, niingie kufukiza sanduku lake. Akaja kijana amejaa udongo tangu nywele hadi miguu. Nikadhani ni mchimbaji ametoka shimoni moja kwa moja, maana hapa kwetu wamejaa tele.

"Mutoto yangu, wende unawe kwanza," nikamwambia.

"Mama, unipe na mi moshi."

"Moshi ni ya benye kufa."

"Basi ni yangu. Mi mutoto wa Mama Ntumba. Banasema sanduku hakuna, moshi hakuna."

Mama Ntumba nilimjua, muuza samaki wakavu sokoni. Mwanawe alifukiwa na shimo la shaba, hakupatikana. Mama alipoomba mwanawe afukizwe ubani kama Wakristo wengine, komite ya parokia ikamjibu: bila mwili tutafukiza nini, hewa? Maneno hayo yaliniuma sana.

Wewe labda ungekimbia. Mimi nilipandwa na hasira. Nikainama kama ninavyoinamia sanduku lolote, nikamfukiza mara tatu, nikainama tena. Niamini, upepo ulikuwa unavuma, lakini moshi haukupeperuka. Uliingia wote kifuani mwake, na mgongoni haukutokea hata kidogo. Alishusha pumzi kama mtu aliyetua mzigo. Nilipoinua kichwa, hayupo. Kizingitini palibaki udongo mwekundu, umelowa, na sisi tuko katikati ya kiangazi!

Nikamwita Mama Ntumba. Nikamweleza niliyoyaona. Alipiga magoti, akaufunga udongo ule katika kitambaa chake cha kichwa, akalia kwa sauti. Kesho yake tulimzika mwanawe.

Rais wa komite akanijia juu: "Mama, unatuletea bashetani mu kanisa!" Shetani gani anayekuja kuomba ubani? Alinikataza nisirudie. Nimekataa, na nitakataa tena. Tangu siku ile, kila nikifika mlangoni mnyororo wa chetezo unakuwa mzito, kama umeshikwa na mtu upande wa pili, na hauachii mpaka nifukize nje mara tatu. Mashimo yetu yamekula wengi.

Kwa hiyo ukija kuzika kwetu, keti popote upendapo. Lakini ukiniona nageukia mlango na chetezo mkononi, usisimame hapo katikati. Pisha. Walio nje wamengoja vya kutosha.